Ndege ya Mbao

(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa katika mkutano wetu wa mwaka, Dumila)

Ndugu Mwenyekiti, Ndugu Mkuu wa Shule, walimu wetu, ndugu zangu tuliosoma pamoja, na nyinyi vijana mliokaa huko nyuma juu ya madawati ambayo mengine bado nayatambua:

Barua ya Katibu iliyonialika ilinitaka nizungumze juu ya mafanikio. Nilikaa na barua ile siku nyingi mezani. Mimi ni mtumishi wa serikali. Ofisi yangu iko Dodoma, kazi yangu ni mafaili, na mshahara wangu mnaujua, kwani wengi wenu mko katika ngazi ile ile. Mafanikio ya mtu wa namna hiyo hayamalizi dakika 20. Kwa hiyo nimemwomba Mwenyekiti aniruhusu nieleze juu ya kitu kimoja nilichokitengeneza kwa mikono yangu. Kitu chenyewe ni ndege ya mbao ya kubembea, ya kuchezea mtoto, urefu wake sentimita 80 kutoka pua hadi mkia. Sikuitengeneza peke yangu, na ni kwa sababu hiyo nimesimama hapa.

Miaka michache iliyopita mke wangu, ambaye ni muuguzi, alihamishiwa kituo cha mbali, na mimi nikabaki Dodoma. Mtoto wetu wa kiume alikuwa na umri wa miaka 2 na nusu. Tukafanya kama walivyofanya wengi wenu: tukamleta kwa bibi yake hapa Dumila. Nikaahidi kwamba kila mwisho wa juma nitakuja kumwona. Kutoka Dodoma hadi hapa ni kilomita zinazokaribia 200, mabasi yapo asubuhi na mchana, na mwenye nia hakosi nafasi. Lakini mara kuna kikao, mara kuna wageni, mara ni wakati wa bajeti. Kila juma ikawa kila mwezi, na kila mwezi ikawa "nikipata nafasi".

Mtoto alipomwuliza bibi yake baba yuko wapi, bibi alimwonyesha ndege inayopita juu angani. "Baba yako yumo mle, yuko safarini." Hakukusudia kumdanganya, alitaka tu mtoto alale. Basi siku moja nilifika na begi langu mkononi, mtoto akakimbia kujificha nyuma ya khanga ya bibi yake. Nikamwita, hakuja. Nikamnyoshea biskuti, akaja, akaichukua, akarudi nyuma ya khanga. Bibi akamwambia, "Huyu ndiye baba yako." Akajibu huku anatafuna, "Hapana. Baba yuko kwenye ndege."

Jioni ile nilimwuliza anataka nimletee nini safari ijayo. Alifikiri, kisha akasema, "Ndege yangu." Mimi nikadhani anataka kuku au njiwa wa kufuga. Mama yangu, ambaye hakupita darasa la 7, akanisahihisha: "Amesema ndege yangu, hakusema ndege wangu. Wewe umesoma Chuo Kikuu, husikii?" Walimu wa Kiswahili mliomo humu mtanisamehe. Yule mwenye manyoya ni wangu, na ile yenye injini ni yangu. Mtoto wa miaka 2 na nusu aliijua tofauti ile, na mimi nilikuwa nimemwomba anirudilie mara 2.

Niliporudi Dodoma nikapita madukani. Ndege za plastiki zilikuwepo, ndogo za kushika mkononi, ambazo nilijua zingevunjika mabawa kabla ya magharibi. Nikakumbuka kwamba sisi wenyewe, utoto wetu hapa Kilosa, hatukununuliwa ndege. Tulizitengeneza kwa mabua ya mahindi na kwa milingoti ya mkonge tuliyoiokota katika mashamba ya upande wa Rudewa na Kimamba, na magurudumu tukayakata kutoka ndala zilizochakaa. Nikajiambia: mtu aliyetengeneza ndege akiwa na miaka 8 hawezi kushindwa akiwa na shahada.

Nikapata mbao za makasha ya mizigo, msumeno wa kuazima na misumari ya kuezekea. Nikaunda mwili wa ndege, nikaweka kiti, nikapigilia mabawa. Chini panahitajika pinde mbili, kama zile za kiti cha kubembea, ili ndege iinuke pua na mkia kwa zamu. Sikuwa na kitu cha kuchorea upinde, basi nikaufuata ukingo wa ungo. Siku ya Jumapili nikaisukuma kwa mkono. Ikabembea vizuri sana, ikaenda mbele, ikarudi nyuma, ikatulia. Nikampigia simu mke wangu, nikampelekea na picha.

Nikaileta Dumila juu ya basi. Mtoto alipoiona, kwa mara ya kwanza aliniacha nimshike. Nikamkalisha kitini, nikaisukuma taratibu. Ilienda mbele, na haikurudi. Iliendelea kwenda mpaka pua ikagonga sakafu na mtoto akaanguka juu ya saruji. Alishonwa nyuzi 3 kidevuni. Usiku ule hakulala kwangu, na kesho yake aliponiona nikiikaribia ndege ile alianza kulia. Mama hakunilaumu hata kwa neno moja. Aliichukua ndege, akaiweka nyuma ya banda la kuku, akasema, "Asubuhi ipeleke kwa fundi yule mliyesoma naye, kule nyuma ya soko. Ndiye aliyekitengeneza kitanda unacholalia."

Ndugu zangu, nililalia kitanda kile miaka mingi kila nilipokuja kumwona mama, na sikuwahi kuuliza nani alikitengeneza.

Hapana budi niwaeleze fundi huyu ni nani, ingawa ameniomba nisimtaje jina. Sisi tuliingia kidato cha kwanza mwaka 1994. Waliokuwa darasa letu watamkumbuka kijana mrefu aliyekaa dirishani, ambaye katika hesabu hakushuka chini ya nafasi ya 3, wakati mimi nilikuwa wa 7 au wa 8. Mwaka 1995, tulipokuwa kidato cha pili, majina ya wasiomaliza ada yalisomwa mstarini na lake likawamo. Kabla ya kuondoka alinipa bikari yake, akasema, "Nitunzie, narudi Jumatatu." Hakurudi Jumatatu ile wala Jumatatu nyingine yoyote. Baada ya wiki 2 mwingine alikalia nafasi yake. Mwaka 1997 nilifanya mtihani wa kidato cha nne, na pembe zote na duara zote nilizichora kwa bikari ile. Kisha nikaenda kidato cha tano, na bikari ikapotea huko. Nyinyi vijana ambao tangu Januari 2016 hamlipi ada mpaka kidato cha nne, jueni kwamba utaratibu huo umewakuta wengine wamekwisha ondoka.

Nilimkuta katika karakana yake, banda la mabati lenye meza ya kazi, jiriwa moja, na maranda yamejaa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Akaniambia, "Karibu, Bwana Afisa," kwa utani, si kwa uchungu. Nikamweleza yaliyotokea. Hakucheka. Aliiweka ndege sakafuni, akaisukuma. Ikabembea vizuri, mbele na nyuma. Kisha akachukua mfuko wa misumari, akaufunga kitini kwa kamba, akausimamisha kama mtoto aliyekaa. Akaisukuma tena. Ikaenda mbele, haikurudi.

"Uliijaribu tupu?" akaniuliza.

"Ndiyo."

"Ikiwa tupu, uzito uko chini. Mtoto akikaa, uzito unapanda. Na upinde wako umejikunja mno, kama ungo."

"Nilitumia ungo," nikasema. Hapo ndipo alipocheka.

Vijana, sikilizeni, kwani jambo hili limo katika vitabu vyenu vya fizikia. Kila upinde ni kipande cha duara, na kila duara lina kitovu chake. Kila kitu nacho kina kitovu cha uzito. Kitovu cha uzito kikiwa chini ya kitovu cha duara, ukikiinamisha kitu hicho kitarudi chenyewe. Kikiwa juu ya kitovu cha duara, kitaendelea kuanguka. Ungo wangu ulikuwa na sentimita 30 kutoka katikati hadi ukingoni. Kiti changu kilikuwa sentimita 40 kutoka sakafuni, na uzito wa mtoto aliyeketi uko juu zaidi ya kiti. Ndege tupu ilikuwa salama. Ndege yenye mtoto ilikuwa mtego. Katika mtihani nililijibu swali la namna hii kwa Kiingereza, nikachora na pia iliyosimama kwa kitako na nyingine kwa ncha, nikapata alama zangu. Lakini nilipokuwa na msumeno mkononi na mwanangu mwenyewe atakayekaa juu yake, sikulitambua. Na mtu aliyenieleza aliondolewa shuleni kabla hajafika katika mtihani ule.

Nikamwomba anitengenezee nyingine, nitamlipa anachotaka. Akakataa. "Mimi sitengenezi. Utatengeneza wewe, nami nitakuonyesha. Kila Jumamosi, saa 2 asubuhi. Na mtoto uje naye."

Nikamwambia nina kazi nyingi. Akasema, "Basi nunua ya plastiki."

Nilikuja Jumamosi 8 mfululizo. Katika miaka 20 ya utumishi sikuwahi kukataa kikao cha siku ya mapumziko, na katika miezi ile 2 nilikataa vikao 3. Serikali haikuanguka.

Sasa nieleze kazi yenyewe, maana najua wako humu watakaotaka kujaribu.

Kwanza ni mbao. Fundi alichagua mtiki, yaani msaji, kutoka mabaki ya mbao zinazoshuka kwa barabara ya Turiani, kwani kule Mtibwa kuna shamba la serikali la mitiki, na mbao zake zina risiti na kibali. Mninga ni mzuri pia, lakini usinunue usiku kwa mtu asiye na karatasi. Misitu ya wilaya yetu mnaiona ilivyobaki.

Pili ni pinde. Bikari ya kawaida haifiki. Nami nilipendekeza kamba na msumari, fundi akasema kamba huvutika na upinde hutoka umepinda vibaya. Alichukua ufito mwembamba, akapiga msumari mmoja upande huu na kufunga penseli upande wa pili, umbali wa futi 3 na inchi 3, ambao ni kama mita moja. Tukachora sakafuni, kisha juu ya ubao wa inchi 8. Urefu wa kila upinde ni sentimita 95. Kiti tukakishusha hadi sentimita 25 kutoka chini. Kwa vipimo hivyo kitovu cha uzito kiko mbali sana chini ya kitovu cha duara, na mtoto akiinama vipi, ndege humrudisha. Ncha za pinde tukaziwekea vipande vya kuzuia, ili hata akisukumwa na mwenzake mwenye nguvu isipinduke. Na kutoka upinde hadi upinde tukaacha sentimita 40, ili isilale ubavu.

Tatu ni nyuzi za mti. Nilitaka kukata upinde popote penye nafasi katika ubao. Fundi akanizuia, akanionyesha jinsi nyuzi zinavyokimbia. Ukikata upinde kinyume cha nyuzi, ncha yake itavunjika kama biskuti. Alipekua mbao nyingi mpaka akapata 2 ambazo nyuzi zake zenyewe zimeinama kidogo kufuata upinde. Nilikata kwa msumeno mwembamba Jumamosi 2 nzima, kwa sababu la kwanza nililiharibu.

Nne ni viungo. Misumari peke yake hulegea kwa kubembea. Tulichonga ulimi na tundu lake kwa patasi, tukatia gundi na skrubu, na kila kichwa cha skrubu tukakizamisha na kukifunika kwa kijiti. Mabawa tuliyafanya mafupi, sentimita 60 kutoka ncha hadi ncha, na ncha zake mviringo, ili yasimchome jicho mtoto wa jirani. Panga la mbele linazunguka, lakini liko mbali na vidole.

Tano ni rangi, na hapa nilipata nafasi ya kuonyesha kwamba Chuo Kikuu hakikunipotezea wakati. Fundi alikuwa na kopo la rangi nyekundu la zamani. Nikamwambia rangi nyingine zina madini ya risasi. Akashangaa, "Risasi? Ya kuwindia?" Nikamweleza: ni madini yanayotiwa ili rangi ing'ae na kukauka upesi. Mtoto hutafuna mabawa ya ndege, na risasi ikiingia mwilini huharibu ubongo unaokua. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Tulinunua rangi ya maji iliyoandikwa kwamba haina risasi, na mbao nyingine tukazipaka mafuta tu. Tangu siku ile fundi husoma makopo kabla ya kupaka vitanda vya watoto, na ameniambia amewaambia na wenzake wa pale nyuma ya soko. Kwa hiyo deni halikuwa la upande mmoja tu, ingawa langu bado ni kubwa.

Jumamosi moja, tukipiga msasa, nilimwomba radhi kwa jambo ambalo nilidhani ni mimi tu ninayelijua. Mnakumbuka mafuriko ya Januari 2014, maji yalipoingia Magole na Dumila na barabara kuu ya Morogoro na Dodoma ikakatika. Nilikuwa ndani ya basi katika msururu ule. Kupitia dirishani nilimwona akivuka maji yaliyomfika kiunoni, amebeba meza yake ya kazi kichwani na mbao kwapani. Nilimtambua mara moja. Nilikuwa nimevaa shati jeupe na viatu vya ngozi, nina mkutano kesho yake, nikageuza uso upande wa pili.

Nilipomaliza kusema, aliendelea kupiga msasa kidogo. Kisha akasema, "Nilikuona. Nilikuwa nimeshika mbao, sikuweza kukupungia mkono."

Hakuongeza neno. Akanipa kipande kingine cha msasa.

Na mtoto je? Jumamosi ya kwanza alikaa mlangoni, ameshika khanga ya bibi yake, hataki kuitazama ndege. Ya pili aliingia, akacheza na maranda. Ya tatu aliniletea msumari niliouangusha, akaniita "fundi", kwa sababu alimsikia kila mtu mle ndani akiitwa fundi. Nikaitika. Kwa majuma 4 mwanangu aliniita fundi, na nakiri kwamba katika vyeo vyote nilivyowahi kupewa hicho ndicho nilichokifanyia kazi zaidi. Ya saba alichagua picha ya mkiani. Akataka twiga, kama ile ya ndege za Shirika letu la Ndege, alizoziona katika televisheni. Wazee mtakumbuka kwamba shirika hilo liliundwa mwaka 1977, baada ya kuvunjika kwa lile la Afrika Mashariki, na twiga limeendelea kupamba ndege zake. Twiga niliyemchora mimi anafanana zaidi na mbuzi. Mtoto hakulalamika.

Jumamosi ya nane tuliiweka chini ya mwembe nyumbani kwa mama. Kwanza fundi aliifunga ule mfuko wa misumari kitini na kuisukuma kwa nguvu mara 10. Ilirudi mara zote 10. Ndipo tukamwita mtoto. Alishika kidevu chake, penye kovu, akazunguka ndege mara moja, mara ya pili. Bibi akataka kumbeba, fundi akasema mwacheni. Alipanda mwenyewe. Akabembea taratibu, kisha kwa nguvu, kisha akasimamisha kwa miguu. Akanitazama mimi, akasogea mbele kwenye kiti kana kwamba pana nafasi ya mtu wa pili, akasema, "Baba, panda."

Sikuweza kupanda, kwa uzito wangu huu. Nilipiga magoti nyuma yake nikashika mkia.

Ndugu Mwenyekiti, muda wangu unakwisha. Lakini kwa sababu ni ndege tunayoizungumzia, niwakumbushe vijana jambo moja la historia. Tarehe 17 Desemba 1903, ndugu wawili wa Marekani, Wilbur na Orville Wright, waliruka kwa ndege yenye injini waliyoiunda wenyewe kwa mbao na kitambaa. Mruko wa kwanza ulichukua sekunde 12. Watu hao walikuwa na duka la kutengeneza baiskeli, na katika uhai wao hakuna hata mmoja wao aliyepata cheti cha sekondari. Na katika Vita Kuu ya Pili, Waingereza walipoungana na mafundi wa samani kuunda ndege ya Mosquito, sehemu kubwa ya mwili wake ilikuwa mbao na plaiwudi. Sisemi haya ili mtoroke shule. Mkitoroka, Mkuu wa Shule atanitafuta mimi. Nasema ili mtakapokutana na mtu asiye na cheti msidhani kwamba hana elimu, na mtakapopata cheti msidhani kwamba mnaweza kukalisha mtoto juu yake.

Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea, alitaka shule isimtenge kijana na kazi za watu wake. Mtaala mpya ulioanza kutumika mwaka 2024 nao umeweka mkondo wa amali, na Mikumi, ndani ya wilaya yetu hii, kuna chuo cha VETA. Njia zipo. Kinachokosekana ni sisi kuzifuata.

Kwa hiyo nina maombi matatu, nami naomba yaandikwe katika kumbukumbu za mkutano.

La kwanza: orodha ya chama chetu ina majina ya waliomaliza kidato cha nne tu. Naomba tuandike kila aliyeingia kidato cha kwanza, hata kama alikaa muhula mmoja. Daftari za mahudhurio zipo. Waliosomewa majina mstarini wakatoka, wasomewe tena majina, safari hii waingie.

La pili: kile chumba cha pembeni, ambacho tangu wakati wetu ni stoo ya majembe na madawati mabovu, kiwe karakana. Mimi naanza na jiriwa moja, randa 2 na misumeno 3. Vimo ndani ya gari, havingoji mchango wa mtu. Fundi amekubali kufundisha Jumamosi, saa 2 asubuhi, na nawaonya kwamba hapokei udhuru wa vikao.

La tatu ni lenu vijana. Kazi yenu ya kwanza katika karakana iwe ndege moja ya kubembea kwa watoto wa darasa la awali la shule ya jirani. Ijaribuni ikiwa na uzito. Tafadhali msiijaribu tupu.

Mwisho, nimekuja na mzigo mwingine. Ni bikari ya mbao, kubwa, ya kuchorea ubaoni, ameitengeneza fundi kwa mabaki ya mtiki ule ule. Nilimwomba anitengenezee ili nimlipe ile niliyompotezea. Akaitengeneza, akakataa kuichukua, akasema iletwe hapa. Yeye mwenyewe yupo. Amekaa nyuma kabisa karibu na dirisha, na amenikataza kumwonyesha kwa kidole. Mwanangu amekaa magotini pake.

Mwalimu wa Hesabu, naomba upite mbele uipokee.